Leso Niliyoisukuma Chini ya Benchi

Kijijini Tulia, Jumapili baada ya kanisa

Kwako Mumbua, mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kumuaga shangazi yako, na najua utakaa kwake mpaka jua literemke kwa sababu leo hutaki tubaki wawili ndani ya nyumba. Sikulaumu. Nimekaa jikoni na daftari lako la hesabu la zamani magotini. Kulikuwa na kurasa nyeupe nyuma, nikaona zinatosha.

Sitakuandikia habari za sabuni, wala viatu, wala jinsi ya kupanga sanduku. Hayo tumeyasema wiki nzima, na niliona ulivyogeuza macho nilipotaja kandambili mara ya tatu. Nataka kuandika juu ya leo asubuhi. Lakini ya leo hayaeleweki bila ya zamani, na ya zamani kuna sehemu huijui. Baba yako aliijua akaondoka nayo. Mimi nimebaki nayo peke yangu, na kesho ukishapanda gari la kwenda chuoni, mji wa Wote, sijui kama nitapata tena moyo wa kuisema.

Mchungaji aliposema vijana wanaokwenda chuo wapite mbele waombewe, mimi nilikuwa nimeshasimama. Nilikuwa na ile leso mikononi, nimeikunjua kabisa. Akina mama wakaanza wimbo. Vijana wawili wakapita, mama zao wakawafunga leso, vigelegele vikapigwa. Wewe ulibaki umekaa. Nikakufuata mpaka benchi lako nikakuambia, "Simama basi, mama, twende."

Uliiangalia leso. Ukaniangalia mimi. Ukaniita mwaitu, vile ulivyokuwa ukiniita kwa Kikamba ulipokuwa mdogo. Hukuwa hata na hasira. Ulisema polepole, nadhani hakuna aliyesikia ila mimi:

"Mwaitu, hii ni ya namba ngapi?"

Nilisimama pale katikati ya watu wanaoimba, nimeshika leso kama mtu aliyetoka kuanika nguo akapotea njia, kisha nikaikunja nikarudi mahali pangu. Nje, Mama Katunge alinishika bega, "Huyo msichana wako ana haya kama bibi harusi!" Nikamjibu, "Ndiyo, ana haya." Huo ulikuwa uongo wa pili kwa sababu ya leso hiyo hiyo. Sasa nataka kukuambia wa kwanza.

Leso yenyewe niliinunua mjini Mwingi mwaka ulipoingia darasa la kwanza. Zilikuwa mbili zimeshikana, kama zinavyouzwa, nikazitenganisha hapa hapa jikoni kwa wembe wa baba yako. Moja nikaivaa. Unaijua, ndiyo tambara tunaloshikia sufuria sasa, limebaki ua moja tu la rangi ya chungwa kwenye pembe. Ya pili niliitia ndani ya sanduku la chuma, chini ya Biblia, nikakuita uione. Nilikuambia, "Hii ni yako, siku utakayoitwa mbele." Ulinusa ule upya wake ukasema inanuka kama duka.

Unakumbuka siku za kufunga shule zilivyokuwa. Madawati na mabenchi yanatolewa nje, akina mama wanakaa upande mmoja, wanaume wanasimama huko nyuma karibu na ua. Mwalimu mkuu anasoma namba moja, namba mbili, namba tatu, kila darasa. Jina likitajwa, mama yake anaruka na leso, anamfunga mtoto pale pale mbele ya watu, anacheza naye mpaka kwenye mlingoti wa bendera. Nilikuja kila muhula, leso ikiwa ndani ya kiondo, kile kikapu changu cha kusuka. Kila muhula nikarudi nayo. Darasa lenu mlikuwa arobaini na saba, na wewe ulikuwa huko nyuma, thelathini na nane, arobaini na mbili. Njiani nilikuwa nikikuambia, "Tutajaribu tena," na wewe unajibu, "Ndiyo, mama," huku unapiga mawe kwa kidole cha kiatu. Siku hizo sikujiuliza mtoto anabeba nini akijua kuna kitu chake kimefungiwa sandukuni na ufunguo uko kwa namba.

Darasa la sita, muhula wa pili, baba yako ndiye aliyekufundisha hesabu za sehemu. Sikujua mpaka nilipopita sokoni siku moja nikawakuta kwenye kibanda chake. Alikuwa amegeuza baiskeli ya mtu miguu juu, anazungusha gurudumu, anakuuliza, "Spoki ziko thelathini na sita. Nikitoa robo, mwenye baiskeli atanidai ngapi?"

"Tisa!"

"Na theluthi?"

"Kumi na mbili! Na baiskeli itaanguka!"

Mlicheka nyote wawili, na yule mwenye baiskeli naye, ingawa nadhani alikuwa na haraka. Ulikuwa na mafuta ya cheni mpaka kwenye sikio. Na mimi nilisema nini? Nilisema, "Nenda nyumbani ukasome." Baba yako akaniangalia akarudisha macho kwenye gurudumu. Ulikuwa unasoma, Mumbua. Mimi sikuona kwa sababu hukuwa na kitabu.

Basi siku ya kufunga ikafika. Walisoma darasa la sita, namba moja akawa Katunge, mama yake akaruka, akacheza, akarudi akaketi kando yangu anahema. Kisha mwalimu mkuu akasema muhula huu ameongeza zawadi moja, ya mwanafunzi aliyepanda zaidi kuliko wote. Akainua karatasi. "Kutoka namba arobaini na moja mpaka namba ishirini na nne. Mumbua Musyoka!"

Moyo wangu uliruka, hilo ujue. Mkono wangu ulikuwa umeshaingia ndani ya kiondo, nimeishika leso. Ndipo Mama Katunge akasema, na sauti yake unaijua ilivyo:

"Aiya! Siku hizi hata ishirini na nne anaitwa mbele? Muhula ujao si wamwite wa mwisho tumchinjie mbuzi!"

Akina mama wa benchi letu wakacheka. Mimi nikacheka nao. Mkono nikautoa. Na kiondo, ambacho kilikuwa mbele ya miguu yangu, nilikisukuma chini ya benchi kwa kisigino, polepole, mpaka nikasikia kimegonga mguu wa benchi nyuma. Nimesahau mambo mengi ya miaka hiyo, hata sauti ya baba yako kuna siku naitafuta, lakini kisigino changu nakikumbuka.

Wewe ulikuwa umefika mbele. Ulipewa kalamu mbili na rula. Ukageuka ukaangalia upande wa akina mama, kwa sababu huko ndiko watu wa leso hutoka. Ukangoja. Uliangalia benchi la kwanza, la pili, ukanipata. Mimi nikainama kama mtu anayetafuta kitu chini. Mwalimu mkuu akakohoa. Ulikuwa umeshika ile rula kwa mikono miwili, imesimama wima kifuani kama mshumaa.

Ndipo baba yako akatoka kule nyuma kwa wanaume. Alikuwa ametoka kibandani moja kwa moja, na lile koti lake la kazi. Akalivua anatembea. Akakufunga nalo, mikono ya koti akaikaza mbele fundo, vile leso hufungwa, kisha akaanza kucheza. Baba yako hakujua kucheza. Alikuwa anarukaruka kama mtu aliyekanyaga siafu.

"Fundi!" wanaume wakampigia kelele. "Leso yako ina mafuta ya cheni!"

"Hii ndiyo leso ya mjini! Nyinyi hamna fasheni!"

"Musyoka, utamvunja mtoto!"

"Nikimvunja nitamtengeneza, si mimi ni fundi?"

Shule nzima ilicheka, na hata wewe ulicheka, umefunika mdomo kwa rula. Mlizunguka mlingoti mara mbili. Wengine walikuwa wakizunguka mara moja tu.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani uliniuliza, "Mama, leso iko wapi?" Nikakujibu, "Niliisahau nyumbani." Ukasema, "Sawa, hata koti lina joto zaidi." Ukatangulia mbele, bado umelivaa, linaburuta vumbi.

Sasa sehemu usiyoijua ni hii. Baba yako ndiye aliyekuwa amebeba kiondo. Watu walipoanza kuondoka alikuja kunichukua, akainama akakitoa chini ya benchi mwenyewe. Pindo la leso lilikuwa limechungulia nje, lile pindo jekundu. Uliponiuliza leso iko wapi, niliona mkono wake ukisukuma lile pindo ndani, polepole, akaweka kofia yake juu, ili ukigeuka usione. Hakuniangalia. Asubuhi hiyo alikufunika wewe, na jioni akanifunika mimi.

Ulipokwenda kufungia mbuzi aliniambia neno moja tu, "Mpe."

Nikamwambia, "Nitampa akiingia kumi bora. Nikimpa leo atafikiri ishirini na nne imetosha."

"Ametoka arobaini na moja, Mama Mumbua. Wewe umewahi kutoka huko?"

Nilikasirika nikatoka nje. Nilikasirika kwa sababu mimi nilimaliza darasa la nane nikiwa namba ishirini na kitu kila muhula, na hakuna mtu aliyewahi kuniita mbele kwa lolote. Ile namba waliyoicheka pale kwenye benchi ilikuwa yangu kabla haijawa yako. Nimefikiria sana jambo hilo. Sikuandikii ili unionee huruma. Nakuambia tu mahali lilipotoka.

Muhula uliofuata ulikuwa wa thelathini na tatu. Ripoti hukuniletea mimi tena, ulikuwa unapitia kibandani kwanza. Na mimi, badala ya kuuliza kwa nini, nilikukataza kwenda kibandani. Nilisema maneno ambayo najua unayakumbuka, kwamba spoki hazitakupeleka popote. Kesho unakwenda kusomea mitambo. Nilipoisoma barua yako ya chuo niliisoma mara nne, na kila nikifika kwenye neno hilo nasikia sauti yangu mwenyewe.

Halafu baba yako akaugua, ukiwa kidato cha pili. Pale hospitalini kulikuwa na baridi alfajiri, akawa anatetemeka, na siku niliyorudi nyumbani kubadilisha nguo nilifungua sanduku nikaichukua ile leso. Nilisema moyoni, afadhali imfae mtu. Nilipomfunika akaipapasa. Leso mpya ina ugumu wake, mkono unajua. Akauliza, "Hii ni ile?"

"Ndiyo."

"Hii ni ya Mumbua. Irudishe."

Nikaitoa, nikamfunika koti lake. Alikufa kesho yake asubuhi, wakati wanaleta chai. Leso ilikuwa imekunjwa ndani ya mfuko wangu, kwa mikunjo ile ile ya dukani.

Hata hapo sikukupa. Ungeniuliza nini, sasa nafikiri? Usingeuliza kitu, ungeipokea. Lakini mimi niliogopa kwamba ukiishika tu utajua. Na siku ya mazishi ulisimama na ile karatasi yako, ukawasimulia watu wote habari ya koti. Ulisema, "Siku hiyo mama alikuwa amesahau leso nyumbani, maskini, kwa sababu alikuwa ameamka mapema kututekea maji. Ndipo baba akanifunga koti." Watu walicheka na kulia kwa pamoja. Yale maji mimi sikukuambia kamwe. Uliyaongeza mwenyewe. Ulinitafutia sababu nzuri, ukanisimamia mbele ya kaburi la baba yako, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mjane ninatikisa kichwa kukubali.

Katika yote niliyokukosea, Mumbua, hilo ndilo linaloniamsha.

Ulipomaliza kidato cha nne na matokeo yakatoka, nilijua hutakuja kuniambia, nikaja kukuuliza mwenyewe. Ulisema gredi kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya chumvi. Nilisema, "Ni sawa." Nilitaka kusema zaidi ya hapo. Ulipata matokeo hayo ukiwa unaamka saa kumi kuchota maji mtoni, kwenye kisima tunachochimba mchangani, unarudi, unakamua, ndipo unakwenda. Wengine niliowapigia vigelegele hawakuwa wakichota maji. Lakini nilisema ni sawa, nikaendelea kupepeta ndengu.

Basi leo nilipoamka niliona nitamaliza kila kitu mara moja, mbele ya kanisa zima, kwa wimbo. Ndiyo maana nilisimama kabla hujaitwa. Sasa naona nilitaka watu wanione nikikufunga leso kuliko nilivyotaka wewe uipate. Kama ningetaka uipate, ningekupa hapa jikoni, siku yoyote kati ya siku zote hizi. Swali lako lilikuwa la haki. Ilikuwa ya namba. Tangu siku niliyoikata ilikuwa ya namba.

Nikikuachia mawaidha nitakuwa nimeanza tena kukupimia. Nina kitu kimoja tu nilichojifunza, nacho nilijifunza kwa kisigino. Mtu wako akisimama mahali anakutafuta kwa macho, inuka kwanza. Habari ya amekuwa wa ngapi itangoja.

Tulipotoka kanisani, ulipoingia chumbani ukafunga mlango, nilichukua karai nikatia maji nikaifua. Haikuwa imeguswa na maji tangu inunuliwe. Ule ugumu wote umetoka, na rangi kidogo, maji yalikuwa mekundu mpaka nikaogopa nimeiharibu. Nimeisugua kama ninavyosugua nguo nyingine yoyote. Sasa iko kwenye kamba hapo nje, katikati ya sketi yako ya shule na kanga yangu ya shambani, na kuku mmoja alikuwa ameshalala chini ya kivuli chake. Imekauka karibu yote. Mikunjo ya dukani bado inaonekana ukiangalia vizuri, lakini itaisha.

Haina namba tena. Unaweza kuitandika kitandani, unaweza kuifanya pazia, unaweza kufutia mikono yenye mafuta ya injini. Nitaiweka juu ya sanduku lako pamoja na barua hii. Koti la baba yako nimeliona chini kabisa, umelifunga kwa gazeti. Sikuligusa. Kama hutaki vitu hivi viwili vikae ndani ya sanduku moja, iache leso kwenye kiti na mimi sitauliza. Na kama utataka kuwaambia watu ukweli wa siku ile, waambie, ni habari yako. Hata Mama Katunge. Kesho nitamwambia mwenyewe kwamba hukuwa na haya.

Nasikia mbwa wa shangazi yako anabweka, labda unarudi. Nitafunga daftari nisije nikakosa ujasiri nikalichoma.

Huko Wote, siku mtakayofunga chuo, sitakuja usiponiita. Ukiniita nitakuja, hata kama wamekuita mbele kwa kufungua boliti moja, na hata kama hawakukuita kabisa. Nitakaa mahali utakaponiona.

Na kama leso utaichukua, basi asubuhi moja ukitoka kuoga, umejifunga nayo, maji yakikutoka miguuni na huna haraka ya kwenda mahali, unikumbuke kidogo.

Mimi mama yako